Nyoka wa Mafunjo

Katika Kivu, kando ya vinamasi, watu huondoka asubuhi kwenda kukata mafunjo na matete. Ukungu ungali umelala. Jua likianza kugusa vilele, yuko mwingine aliyepanda juu kuota joto: nyoka wa rangi ya majani mabichi, mwenye mabaka meusi. Kichwa chake ni kipana, shingo nyembamba. Magamba yake yamesimama kidogo, hata mwili wote unakwaruza kama tupa. Urefu wake haufiki mita moja. Wataalamu humwita Atheris nitschei, jina alilopewa mwaka 1902. Ni wa jamaa ya kifutu.

Lakini kifutu hulala chini, naye huuma mguu. Huyu hukaa juu, mkia ameuzungusha kwenye bua, kwa hiyo huuma mkono. Tena hakimbii upesi. Anategemea rangi yake: hutulia tu, na mkataji hushika bua pamoja na nyoka.

Huwinda usiku. Hatembei sana akitafuta. Hungoja kimya mpaka panya, chura au kinyonga apite karibu. Akisha kumwuma hamwachi, maana windo lingeanguka chini likapotea. Huko Amerika na Asia wako nyoka wa miti wenye tundu kati ya jicho na pua, na kwa tundu hilo husikia joto la panya gizani. Jamaa zao wa Afrika hawana, lakini hawalali njaa!

Jike hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, weusi-weusi, wenye ncha ya mkia ya manjano. Baada ya miezi michache hugeuka rangi ya mama yao.

Sumu yake huvimbisha mkono, tena huzuia damu isigande. Hata leo hakuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sumu hii hasa. Basi aliyeumwa asichanjwe kwa wembe: damu isiyoganda, ukiifungulia mlango, utaifungaje? Asikazwe kamba pia. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, mkono utulizwe, achukuliwe hospitali mara moja, hata kama maumivu ni madogo.

Wakataji wenye busara hupiga mafunjo kwanza kwa fimbo ndefu, kisha hungoja kidogo. Mara nyingi nyoka akitikiswa huteleza chini kati ya mabua, kwenye giza na maji, wala haonekani tena.