Kabla na Baada ya Majumba ya Michenzani

Anayesimama leo kwenye mzunguko wa Michenzani, kando ya mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi, huona majumba marefu yaliyofuata barabara nne, mengine yakikaribia urefu wa mita 300. Vijana huniuliza kama ni kweli hapa palikuwa na mitaa ya nyumba za udongo. Ndiyo, palikuwa na mitaa, na mimi nilizaliwa katika mmojawapo, miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1964. Nyumba yetu ilivunjwa ili majumba haya yasimame, kisha tukapewa nyumba ndani yake. Nimeonja maisha ya huko na ya huku, na kwa kuwa Unguja imeingia tena katika zama za kuvunja na kupandisha maghorofa, naona nieleze niliyoyaona.

Ng'ambo, upande wetu wa mji, wakati huo ilikuwa mji wa watu wengi na fedha kidogo. Majumba ya mawe yalikuwa Mji Mkongwe, na baina yetu na wao palikuwa na mkono wa bahari ulioingia mpaka Darajani, ambao ulifukiwa pole pole. Huku kwetu nyumba zilijengwa kwa miti na udongo, nyingi zikaezekwa makuti, na mwenye uwezo akaweka mabati au madebe yaliyokunjuliwa. Ramani ilikuwa moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mtu aliweza kutoka Miembeni mpaka Mlandege akipita nyuma ya nyumba za watu, na katika kila ua angeitwa kwa jina na kuulizwa hali ya mama yake.

Nyumba zilikuwa zetu lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine. Wazee walijenga juu ya ardhi za matajiri na kulipa kodi ya kiwanja, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo, na alipenda kuhadithia namna wanawake walivyokaa barazani kumkabili mpokea kodi. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikatangazwa kuwa ya serikali, kodi ile ikafutika, na katika nyumba yetu furaha ilikuwa kubwa. Hatukujua kwamba mwenye ardhi mpya alikuwa na ramani yake.

Ramani ilianza kuchorwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ambao tayari walikuwa wakitujengea maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wao, Hubert Scholz, aliandaa mpango wa mji mzima. Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, alitaka Ng'ambo yote igeuke, mkulima na mchukuzi wakae nyumba ya ghorofa yenye umeme na maji ya mfereji, kama walivyokaa wakubwa wa zamani. Kwa watu waliokuwa wakiezeka upya kila makuti yanapooza, maneno hayo yalikuwa matamu, na sitaki msomaji adhani kwamba sote tulikuwa tukilia. Baba yangu alikuwa mmoja wa walioshangilia.

Wakaja wapimaji na kamba na vigingi. Mstari ulipita katikati ya mtaa wetu bila kutazama ukumbi wa nani wala mwembe wa nani. Tulipoambiwa siku ya kuhama, baba aling'oa mlango wa mbele na madirisha, akatoa boriti zilizokuwa nzima, mama akafunga vyombo ndani ya mikeka, na mizigo ikapakiwa kwenye gari ya ng'ombe. Tulikwenda kukaa kwa ami yangu Kikwajuni kungojea jumba limalizike. Bibi hakutaka kutazama nyumba ikiangushwa. Alitangulia asubuhi na mapema akiwa na kinu chake, na hakukubali mtu mwingine akibebe.

Majumba yalijengwa na mikono yetu wenyewe. Watu walitoka makazini, sisi tukatoka skuli, tukaenda kubeba mchanga, kokoto na matofali katika kazi za kujitolea. Hizo zilikuwa pia siku za njaa. Uagizaji wa mchele kutoka nje ulikuwa umebanwa, na foleni ya chakula ilianza kabla ya alfajiri. Mara nyingi mtu alipanga foleni akiwa na vumbi la saruji miguuni. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 tulikuwa kwa ami tuliposikia milio ya risasi upande wa Kisiwandui. Mzee Karume alikuwa ameuawa kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, hatua chache kutoka majumba aliyoyaanzisha. Wengi walidhani kazi ingesimama hapo, lakini chini ya mrithi wake, Mzee Aboud Jumbe, ujenzi uliendelea, mpaka yakafika majumba kumi.

Tulipewa ghorofa ya nne. Baba alikabidhiwa ufunguo bila kutoa hata senti, kwa kuwa ilikuwa fidia ya nyumba iliyovunjwa. Sakafu ilikuwa ya saruji, madirisha ya vioo, taa unabonyeza, na mfereji uko jikoni. Kwa mama, aliyekuwa akichota maji tangu utoto, mfereji ule ulikuwa miujiza; wiki ya kwanza alikuwa akiufungua na kuufunga bila haja, kutazama tu. Bibi yeye alitazama choo kilichokuwa hatua chache kutoka jikoni, akasema hawezi kula chakula kilichopikwa jirani na choo, na kwa muda mrefu alikula akiwa ameelekea dirishani.

Vitu vidogo ndivyo vilivyotushughulisha. Jiko la kuni lilijaza moshi vyumba vyote, tukahamia mkaa, na gunia la mkaa likawa linapanda ngazi mgongoni mwa kaka yangu. Kuku tuliokuja nao walilala bafuni hadi jirani aliposhitaki kwa balozi wa mtaa. Kinu cha bibi ndicho kilicholeta kesi kubwa. Siku ya kwanza alipotwanga, Bi mkubwa wa ghorofa ya tatu aligonga dari yake kwa mpini wa fagio. Bibi akadhani anaitikiwa, akaongeza kasi. Yule mama akapanda akihema:

"Shoga, udongo wa dari umeniingia kwenye mchuzi!"

"Basi nitwange wapi, mwanangu? Nitwange hewani?"

Waliishia kucheka. Tangu hapo kinu kikawa kinashushwa chini, nyuma ya jumba, na wanawake wa ngazi yetu wakatwanga pamoja jioni. Baraza tuliyonyang'anywa ilianza kurudi kwa njia hiyo. Wanaume walijenga viti vya saruji chini ya jumba, ikaja kahawa, likaja bao, ikaja dhumna. Watoto walicheza kwenye uwanja baina ya majumba, na mama zao wakawaita kutoka roshani, jina likasikika mpaka Kisima Majongoo. Televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar miaka ya mwanzo ya sabini, mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika, tulikusanyika kuitazama hadharani, watu wa majumba na watu wa mitaa iliyobaki, bila kuulizana nani anakaa wapi.

Jambo ambalo mchora ramani hakulifikiria ni msiba. Bibi alipofariki alioshwa nyumbani kama ilivyo desturi yetu, lakini jeneza lilipofika kwenye kona ya ngazi halikupinda. Walilijaribu hivi na hivi, huku watu wakisoma, mpaka ami yangu alipoamuru linyanyuliwe juu ya ukuta wa ngazi, wa chini wapokee. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wanawake wengine, na hofu yetu ilikuwa moja tu, asije akateleza. Baada ya siku hiyo wazee wa jumba letu waliweka utaratibu: maiti atashushwa kwa machela, na jeneza lingoje chini. Utaratibu huo unafuatwa hadi leo. Harusi nazo zilishuka. Turubai hufungwa uwanjani, biriani hupikwa chini, na bibi harusi huteremka ngazi huku vigelegele vikimfuata ghorofa hadi ghorofa.

Maji yalianza kutusumbua jumba likiwa bado changa. Yalifika ghorofa ya pili yakachoka. Tukawa tunaamka saa nane za usiku kungojea mfereji utoe sauti, na siku nyingine ukatoa sauti peke yake. Mei 2008, umeme unaoletwa kutoka Bara kwa waya wa baharini ulipokatika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010. Pampu zililala. Wachukuzi wa mikokoteni walileta madumu ya maji chini ya jumba na kuyauza kwa bei ya ngazi: kadiri unavyokaa juu, ndivyo unavyolipa zaidi. Wazee waliokuwa na presha na magoti mabovu hawakushuka wiki nzima, na mtoto wa jirani ndiye aliyewapandishia ndoo.

Lakini kwa maoni yangu, maji na umeme havikuwa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa kwamba kila familia ilipewa vyumba vyake, na sehemu ya wote haikupewa mtu. Ngazi ni ya nani? Paa ni la nani? Bomba la maji machafu likipasuka ghorofa ya tatu, fundi analipwa na nani? Paa la jumba letu lilipoanza kuvuja, wa juu walitaka tuchange, na wa chini wakajibu kwamba kwao hakuvuji. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Kwenye nyumba za udongo kila mtu aliezeka paa lake. Hapa paa moja lilikuwa juu ya watu mia kadhaa, na likaachwa kama mtumbwi usio na nahodha. Sheria ya kondominio, yenye kuwapa wenye nyumba njia ya kuunda jumuiya ya kusimamia jengo lao, ilikuja mwaka 2010. Sisi tulikuwa tumeshakaa miaka zaidi ya thelathini.

Michenzani ya leo imechangamka. Chini ya majumba kuna maduka ya simu, vitambaa na vyombo, na jioni moshi wa mishikaki hupanda hadi roshani ambako kanga zinaanikwa pamoja na madishi ya satelaiti. Kwa miaka mingi Maskani ya Kisonge ilivuta watu kusoma ubao wake wa siasa. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 kulikuwa na miaka ambapo majirani wa ngazi moja hawakuamkiana, na tunashukuru kwamba wengi walirejeana. Kuna jengo la kisasa la biashara, Michenzani Mall, lenye ngazi zinazokwenda zenyewe, na wajukuu zangu hulipenda kuliko kunitembelea. Familia nyingi za mwanzo zimepangisha nyumba zao na kuhamia Fuoni au Tomondo kutafuta ua. Mimi nimebaki. Majirani zangu ni watu niliobeba nao kokoto, na waliokufa niliwashindikiza kwa ngazi hizi hizi.

Sasa Kwahani, mtaa jirani, nako nyumba za zamani zimevunjwa na maghorofa mapya yanasimama, na mitaa mingine ya Ng'ambo inasubiri zamu. Sina ugomvi na ghorofa. Ilitupa sakafu kavu, taa na anwani, na watoto wangu walisomea chini ya taa hizo. Ninaloomba kwa wanaojenga na kwa wanaopewa ni kwamba yasemwe mapema yale ambayo sisi hatukuambiwa. Nani atakuwa na dhamana ya paa, ngazi na pampu, na kila nyumba itachangia kiasi gani kwa mwezi? Jeneza litapita wapi? Wazee watakaa wapi jioni, na turubai la harusi litafungwa uwanja gani? Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi kabla ya nyundo ya kwanza kugonga ukuta, na mwenye nyumba asitie saini kabla hajajibiwa.