Paka Aliyezalia Juu ya Gauni la Bi Harusi



Leo sizungumzii lesi wala shanga. Leo nazungumzia paka.

Duka langu la cherehani liko hapa Chwaka, karibu na diko. Mliowahi kufika mnajua: vyombo vikirudi baharini samaki hunadiwa pale pale ufukweni, na penye matumbo ya samaki hapakosi paka. Mimi niliwahesabu kumi na tisa.

Alhamisi moja nafungua duka, namkuta paka mmoja amezaa watoto wanne ndani ya boksi, juu ya satini nyeupe ya gauni la nikaha. Harusi Jumapili. Wallahi miguu iliniisha nguvu.

Majirani kila mmoja akaja na lake. Mmoja kaleta kiroba: "Watie humu wakatupwe mikokoni." Mwengine akasema wapelekwe mbali, waachwe njiani. Nikampigia simu bi harusi, nikingojea maneno makali. Akanyamaza kidogo, kisha akanambia: "Fundi, satini mjini ipo. Nguo yangu ya ndoa isiwe sababu ya kuua viumbe."

Nikenda mjini, nikanunua nyengine, nikashona usiku mbili. Gauni likatoka, alhamdulillah.

Lakini lile neno lilinikaa. Na huruma peke yake haitoshi, dada zangu. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba kiasi cha siku 63, na huweza kushika nyengine hali bado ananyonyesha. Ukiwalisha tu bila ya kufikiri mbele, unazidisha wenye njaa, na kiroba kitarudi.

Daktari wa mifugo akanieleza njia: wakamatwe, wafungwe uzazi, wachanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha warudishwe pale pale walipotoka. Kwa nini warudishwe? Kwa sababu ukiwaondoa, matumbo ya samaki bado yapo, na paka wengine watakuja kushika nafasi.

Mama mkwe akanikalisha kitako. "Mwanangu, kumkata kiumbe uzazi aliopewa na Mola wake, hukumu yake unaijua?"

Sikuijua. Nikenda kumuuliza ustadhi wetu, naye hakunirahisishia. Alisema madhehebu yetu ya Shafi yamekaza: mnyama asiyeliwa hahasiwi. Lakini wapo wanazuoni wa karibuni, kama Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, walioona hapana ubaya paka wakizidi na kuleta udhia, kwa sharti operesheni isiwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua. Akamaliza: "Wewe angalia, unachagua baina ya kisu cha daktari na kiroba cha jirani."

Mama mkwe hadi leo hajakinaika, na namheshimu. Lakini yeye ndiye anayewawekea maji.

Tukaanza. Mtego ni kasha la waya ambalo mlango wake hujifunga paka akikanyaga kibati cha ndani. Chambo ni samaki wa kukaanga. Mimi nilishona vifuniko kwa mabaki ya vitambaa vya mabuibui, maana paka akifunikwa akawa gizani hutulia.

Sasa nikwambieni kosa langu. Usiku wa kwanza nilimnasa jike mmoja, nikamfungia dukani amngojee daktari. Baada ya sala ya alfajiri nikasikia vilio vyembamba chini ya ngalawa. Nikarudi mbio, nikafunua kitambaa, nikamtazama vizuri: chuchu zimejaa maziwa. Ikanijia ile hadithi ya Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na mimi nilikuwa najiona natenda wema! Nilifungua mlango huku mikono inatetemeka.

Tokea siku hiyo kwanza tunaangalia matiti. Mwenye kunyonyesha huachiwa mpaka wanawe waweze kula wenyewe.

Mpaka sasa wamefanyiwa kumi na moja. Utawajua kwa ncha ya sikio moja iliyokatwa wakiwa wamelala kwa dawa, ili wasikamatwe mara ya pili. Usiku ugomvi umepungua, na ile harufu ya mikojo ya madume mlangoni imepungua pia. Bado wanane. Wengine wajanja, wanakula chambo kwa nje na kuondoka zao.

Mwenzangu, kama nyumbani una paka, usingoje azae ndipo utafute kiroba. Hapa Unguja ipo jumuiya ya ZAASO inayohudumia wanyama, na ndugu zetu wa Lamu nao wana kliniki inayowafunga paka uzazi. Muulize daktari, na umuulize na sheikh wako, upate kutulia moyo.

Yule paka wa boksi naye alifanyiwa, wanawe walipokwisha kuacha ziwa. Analala mlangoni kwangu. Satini ile yenye madoa niliifua, ndiyo tandiko lake.

Bi harusi akija kupimwa huniuliza, fundi, mbona paka wako analalia satini? Hapo huweka futi chini, nikamsimulia.