Kikwapa cha Mtoto na Hukumu ya Baleghe



Mwenye kusomesha chuoni miaka mingi huyajua mambo ya watoto ambayo pengine hata mama zao hawajayatambua. Mtoto wa miaka 5 hucheza juani tangu asubuhi, akaja chuoni amelowa jasho, na usisikie harufu yo yote. Mtoto huyo huyo akifika miaka 7 au 8 utauona uso wake umeanza kung'aa kwa mafuta, kichunusi kimetokea puani, na akiinua mkono kuuliza swali wenzake huziba pua. Hapo ndipo wazazi wengine hufazaika.

Alinijia mama mmoja kwa khabari ya binti yake wa miaka 8 na nusu. Alikuwa amemwona na kikwapa na vinywele viwili vitatu kwapani, naye alitaka kumtoa chuoni na skuli pia. "Mwalimu," akasema, "huyu amekwisha kuwa mwari." Baba wa mtoto naye alikuwa ameanza kuhesabu saumu za kulipa. Nayaandika hapa yale niliyomjibu, kwani khasara ya kumfanya mtoto mtu mzima si ndogo. Hunyimwa masomo, hubebeshwa aibu asiyoijua, na wako ambao posa zao huanza kuzungumzwa barazani hali wangali wakicheza kibemasa.

Jueni ya kwamba juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo, mfano wa kofia. Tezi hizi hutia katika damu homoni nyingi, na moja yao madaktari huiita DHEA, mkato wa jina refu la dehidroepiandrosteroni. Mjarumani Adolf Butenandt aliitoa katika mkojo wa binadamu mwaka 1934. Peke yake ina nguvu haba; kazi yake kubwa ni kuwa mali ghafi, ambayo viungo vingine huigeuza ikawa homoni za kiume au za kike.

Mwendo wake katika umri wa mtu ni wa ajabu. Mtoto akiwa tumboni, tezi zake huitengeneza kwa wingi mno, na kondo la nyuma huitumia kufanyia homoni za kike zinazohitajiwa na mimba. Akizaliwa, hupungua katika miezi ya mwanzo, kisha tezi hukaa kimya miaka. Zifikapo baina ya miaka 6 na 8 huamka tena, kwa wasichana na wavulana sawasawa, na homoni hii huzidi mpaka mtu apitapo miaka 20. Baada ya hapo hushuka taratibu, hata mzee wa miaka 70 au 80 hubakiwa na sehemu moja katika tano, au chini ya hapo, ya aliyokuwa nayo ujanani. Sokwe naye huamka tezi kama sisi, lakini panya hana ila kidogo sana, kwa hivyo majaribio ya panya katika jambo hili hayatoshi kumhukumia mtu.

Kule kuamka kwa tezi ndiko kunakoleta kikwapa, mafuta ya uso, na baadaye nywele. Lakini baleghe ina mlango wake mwingine. Baleghe huanzia katika ubongo, ubongo ukaiamrisha tezi iliyo chini yake, nayo ikaamsha ovari za msichana au korodani za mvulana. Ushahidi ni huu: wako wasichana ambao tezi zao za juu ya figo zimeharibika kwa maradhi, na wakitibiwa huota matiti na kupata hedhi kama wenzao, illa nywele za mwili huwa chache mno. Lau kuwa mambo haya mawili ni kitu kimoja, hali hiyo isingetokea.

Sasa tutazame fikihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, mtoto hubaleghe kwa kutokwa na manii, au kwa hedhi ikiwa ni msichana, na hayo hayahesabiwi kabla ya kiasi cha miaka 9 ya mwezi mwandamo, yaani kama miaka 8 na miezi 9 ya kizungu. Asipoona lo lote katika hayo, hubaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi, nayo ni kama miaka 14 na miezi 6 na nusu. Ama nywele, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba si alama ya baleghe kwa mtoto wa Kiislamu. Madhehebu nyingine zina kauli zao juu ya nywele ngumu za sehemu za siri, lakini katika madhehebu yetu harufu ya kwapa haimfaradhishii mtu saumu. Binti yule alikuwa mtoto, wala hakuwa na deni hata la siku moja.

Wengine wataniuliza: mbona tumeamrishwa kuwaamuru watoto sala wakiwa na miaka 7, na tezi nazo huamka wakati huo huo? Mimi sipendi haraka ya kuifunga amri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa kila jambo lizukalo katika vitabu vya tiba. Amri yatutosha. Nisemalo ni kuwa umri huo ni wa mageuzi, na mwalimu huyaona: mtoto huanza kuona haya, kuficha siri, kuuliza "kwa nini", na wengine kuwa wepesi wa hasira. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,200 wa miaka 8 na 9 kuanzia mwaka 2012, wakaona wavulana wenye homoni hizi kwa wingi walikuwa na taabu zaidi za tabia. Kuandamana kwa mambo mawili si dalili kwamba moja limezaa jingine, lakini ni sababu ya kutosha ya kumsikiliza mtoto kabla ya kuushika mkwaju.

Na sisi wazee tusidanganyike. Marekani vidonge vya DHEA huuzwa madukani tangu sheria ya mwaka 1994, na watu huvinunua kutafuta ujana. Mwaka 2006 ilitangazwa natija ya kuwapa wazee kwa miaka 2, na nguvu zao hazikuzidi. Mwanamke avitumiaye aweza kuota ndevu.

Mtoto mwenye kikwapa tu mfunzeni kuoga kwa sabuni kila siku, kubadili nguo, na kupaka shabu kwapani. Lakini msichana akiota nywele za kwapa au za siri kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya miaka 9, mpelekeni hospitali, kwani mara chache huwa ni maradhi ya tezi zenyewe. Kadhaalika msichana akianza matiti kabla ya miaka 8. Daktari atampima damu, na pengine atampiga picha ya kiganja cha mkono wa kushoto, aone mifupa imekomaa kuliko umri wake au sivyo.