Likizo kubwa huko Wagenia

Likizo hii tulienda mara tatu kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, pamoja na binti yetu wa miaka 4. Siku ya kwanza kelele ya maji ilimtisha, akang'ang'ania kikwembe cha mama. Hatukumlazimisha. Tulikaa mbali, tukala makemba ya kuchoma, tukitazama wavuvi wakipanda miti iliyofungwa kwa kamba juu ya mkondo na kuvuta vikapu vyao vikubwa vya kunasia samaki.

Mara ya pili alihesabu vikapu. Mara ya tatu alisogea hadi kwenye mawe. Maji yakamrukia usoni, akacheka. Mkono wake hatukuuachia, mto Kongo hauna mchezo.

Sasa anauliza kama msichana naye anaweza kupanda ile miti. Bado tunatafuta jibu.