Kishoka cha Safari, na Funzo la Sondu



Ndugu zetu katika imani, na hasa kina mama ambao ndio wafungashao mizigo ya nyumba nzima kabla ya safari, wiki hii twawaletea habari za Sondu, na ndani yake habari za chombo kidogo ambacho tulidhani twakijua vyema.

Sondu ni mji wa soko katika barabara itokayo Kisumu kwenda Kisii. Upande mmoja ni Nyakach ya kaunti ya Kisumu, wanakokaa Waluo. Upande wa pili ni kaunti ya Kericho, wanakokaa Wakipsigis. Mto wa Sondu hutoka katika msitu wa Mau, ukateremka kwa kishindo baina ya majabali hata ukamwagika katika Ziwa Victoria. Kabla haujafika ziwani, maji yake huchepushwa yakaendeshe mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, yenye uwezo wa megawati 60. Siku ya soko mji hujaa viazi vitamu, ndizi, mananasi na mifugo, na lugha za jirani husikika kwa pamoja, Kiswahili kikiwa daraja baina yao.

Tulikwenda huko katika likizo ya watoto, familia mbili kwa gari moja kutoka Mombasa. Gharama za kulala hotelini kwa watu kumi na mmoja hazikuwa za mfuko wetu, basi tukachukua mahema mawili. Rafiki yetu mmoja wa Kisumu alituombea ruhusa kwa wazee wake, tukapewa kiwanja cha kupiga kambi ndani ya boma lao.

Wakati wa kufungasha, mama watoto alikiona kishoka kwenye mizigo akasema, "Maalim, twenda kutembea ama kukata boriti?" Tulicheka, lakini kishoka tukakibeba, na kwa haki kilitufaa. Ni chombo kifupi, mpini wake haufiki urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hupasua kuni nene zikawa vijiti vya kuwashia moto. Kisogo chake hupigilia mambo za hema pale ardhi inapokuwa ngumu. Tawi likianguka njiani usiku wa mvua, hulikata likaondolewa. Na katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani.

Usiku wa kwanza, baridi ya huko ikiwa imewakusanya watoto karibu na moto, tuliwasimulia kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Dawud. Mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila nguo nzito na bakuli. Vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, na ya pili akanunulia shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma mtu yule akatafute kuni na kuziuza. Baada ya siku kumi na tano alirudi akiwa na dirhamu kumi. Watoto walikitazama kishoka chetu kwa jicho la heshima, nasi tukalala tukijiona tumesomesha.

Asubuhi kichwa cha kishoka kilikuwa kimelegea. Hili ni jambo la hatari, kwani kichwa kikichomoka wakati wa kupiga huruka kama jiwe la kombeo. Tukaambiwa yuko fundi sokoni atakayetia kabari. Tukampa kijana wetu wa miaka 14 akichukue, nasi tukamfuata nyuma, tukisimama hapa na pale kuuliza bei ya viazi.

Kijana alikwenda nacho mkononi, kikiwa wazi, akikibembeza kama wafanyavyo vijana. Ghafla tuliona soko limebadilika. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mafungu ya viazi aliacha kazi yake, akamvuta mwanawe nyuma ya mgongo. Vijana wa bodaboda walisimama juu ya pikipiki zao. Mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja akajitokeza, akamuuliza kijana kwa upole, "Hiyo unapeleka wapi?" Mtoto akashikwa na hofu, asiweze kujibu.

Tulifika mbio, tukatoa salamu, tukaeleza. Mzee akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nyinyi ni wageni, hatuwalaumu. Lakini hapa watu wameona mengi. Mtu akiona chuma mkononi mwa mgeni, haulizi kwanza. Anakimbia, ama anaokota jiwe."

Ndipo tulipokumbuka. Mwaka 2023 mpaka huu wa Sondu ulishuhudia mapigano baina ya majirani, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Habari hizo tulizisikia redioni tukiwa Mombasa, tukasikitika, kisha tukasahau. Wao hawakupata nafasi ya kusahau.

Na tulikumbuka jambo jingine lililotutia haya zaidi. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Mtume aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Tena amekataza kumwelekezea mtu chuma, hata kwa mzaha. Hadithi hizi tumezisomesha madrasa miaka mingi. Usiku tulisimulia ya shoka la riziki, na asubuhi tukamtuma mtoto wetu sokoni na shoka tupu. Tulikumbuka nusu ya elimu, tukaisahau nusu iliyohitajika siku ile.

Tuliomba radhi hadharani, maana kosa lilitendeka hadharani. Yule mama wa viazi, ambaye moyo wake ndio uliotishika, ndiye aliyetupa kipande cha gunia. Tukakifunga kishoka, fundi akakitia kabari, nasi tukanunua viazi kwake hata mkoba ukajaa.

Basi, enyi mnaosafiri na familia, kishoka ni chombo chema, lakini kina adabu zake. Kiwe na ala ya ngozi au kifungwe kwa gunia. Kiwekwe kwenye buti, ndani ya sanduku pamoja na mambo na kamba za hema, wala kisiwekwe chini ya kiti cha dereva. Sheria ya Kenya hairuhusu kubeba silaha hadharani bila sababu ya halali, na chombo kilichowekwa mahali pake hujieleza chenyewe kwa askari wa barabarani. Mtoto asikitumie bila mkubwa kando yake. Kabla ya kukitumia, tikisa kichwa uone kama kimeshika. Kinolewe vizuri, kwani makali butu huteleza juu ya mti yakaangukia mguu.

Wala kishoka si ruhusa ya kukata mti mbichi. Nunueni kuni kwa wenyeji, mpate moto nao wapate riziki. Mto ule wa Sondu huishi kwa miti ya Mau. Miti ikiisha, mto hunyong'onyea, na wa chini huumia kwa shoka la wa juu. Na kabla ya kulala zimeni moto kwa maji, kama alivyotuamrisha Mtume kutouacha ukiwaka usiku majumbani mwetu, sembuse hemani.

Siku ya kuondoka, kijana wetu alikitwaa kishoka bila kuambiwa, akakifunga kwa lile gunia la mama wa viazi, akakiweka sandukuni. Mama watoto alitaka kukishonea ala mpya tulipofika nyumbani. Kijana akakataa, akasema gunia latosha. Nasi tukaliacha.

Mwenyezi Mungu awape watu wa Sondu amani ya kudumu, na atujaalie tuwe wageni ambao kufika kwao hakumtishi mtu. Amin.