Dada Anayeshona Nguo Zinazoliwa na Udongo

Babu alivalishwa suti, shati, tai, na mwisho viatu. Mmoja wa waliomvalisha alikuwa mjukuu wake, dada wa Melbourne, Australia, msomi wa mitindo. Ilipofika zamu ya viatu akasita. Hivi babu anatembea kwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililogeuka kazi. Wenzake wanashonea mastaa wa zulia jekundu, yeye anashonea watu wanaolala moja kwa moja.

Tatizo ni kitambaa. Suti nyingi za dukani zina polyester, yaani plastiki iliyosokotwa. Mwili unaoza, suti bado ipo, na zipu yake. Dada akataka uhakika, siyo maneno ya Instagram. Akachukua nguruwe 21 waliokufa, kwa kuwa miili yao huoza karibu sawa na ya binadamu, akawavalisha, akawazika, halafu akawafukua kwa awamu ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo, akawafukua. Harufu usiulize. Nyuzi za asili ziliendelea kuliwa na udongo, polyester ikabaki inaangalia tu.

Siku hizi anakaa na familia, na wakati mwingine na mgonjwa mwenyewe anayejua muda umebaki mchache. Wanachagua pamoja. Nguo inakatwa kwa ajili ya mtu aliyelala, maana kumvalisha asiyeweza kujiinua si mchezo, na ndugu wakitaka wanavalisha wao. Kuna watu kilio chao kinaanzia hapo, mkononi, siyo kaburini.

Mwaka 2019 staa mmoja wa Beverly Hills, 90210 alizikwa Tennessee na suti yenye uyoga, binti yake akaposti, mitandao ikawaka. Uyoga una kiki, hakuna ubishi. Ila udongo una wadudu wake tayari, haukuwa unasubiri uyoga wa kununua.

Watu wa Pwani hapa watacheka kidogo. Sanda ya bafta nyeupe, vipande 3 kwa mwanaume na 5 kwa mwanamke, bila zipu wala kifungo, kwao ni jambo la siku zote.

Kazi ipo kwa wanaozika na suti ya harusi. Nani atamwambia mama kwamba lile gauni la leisi alilolitunza kabatini miaka yote, "la siku yangu", ni plastiki?