Siku Yetu Katika Vilima vya Shimba



Mtu akisimama ufuoni mwa Tiwi au Diani asubuhi, akaipa bahari mgongo, ataona upande wa magharibi ukingo mrefu wa kijani kibichi umelala sambamba na pwani. Hivyo ndivyo vilima vya Shimba. Kimo chake hakizidi sana mita 450 juu ya bahari, na aliyepata kuuona Kilimanjaro atacheka akisikia tumekwenda milimani. Na acheke. Sisi tumeishi Mombasa maisha yetu yote, tumekwenda Hijja, tumekwenda Lamu kwenye Maulidi mara zisizo idadi, na vilima hivi, ambavyo haviko mbali zaidi ya kilomita 40 na nyumba yetu, tulikuwa hatujavikanyaga.

Si kwamba hatukuombwa. Kwa muda wa miaka 12 mama wa watoto wetu alituomba tumpeleke, nasi tulikuwa tukimjibu, “Inshallah.” Neno hili tukufu tuliligeuza pazia la uvivu wetu. Siku za darasa tulikuwa na darasa, na siku za mapumziko tulikuwa na walima za watu. Mwezi uliopita, alipokuwa akitumiminia chai, alituuliza kwa upole, “Sheikh, hiyo Inshallah yako umri wake sasa wapata ngapi?” Tukaona haya, tukapanga safari.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, tukavuka kwa feri Likoni, tukashika barabara ya kusini hadi Kombani, kisha tukapinda kulia. Kutoka hapo barabara yaanza kupanda, na upepo uingiao dirishani wageuka kuwa wa baridi. Lango la hifadhi liko mbele kidogo ya mji wa Kwale. Hapo yafaa tuwatahadharishe wenzetu: fedha taslimu hazipokewi, malipo hufanywa kwa simu. Lau si binti yetu mkubwa, tungaligeuza gari tukarudi na noti zetu mfukoni.

Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1968. Ndani yake msitu mzito na mbuga za nyasi zimechanganyika, na mivumo imesimama peke yake peke yake katikati ya majani. Humu ndimo anamoishi palahala, ambaye Kenya nzima hana makao mengine. Tulimwona dume mmoja mbali, mweusi mwenye tumbo jeupe, pembe zimepinda kuelekea nyuma mithili ya majambia mawili. Watoto, ambao tangu Likoni hawakunyamaza, walinyamaza. Ndovu hatukuwaona, ila mavi yao na miti waliyoivunja.

Kuna jambo la mavazi tuliseme, kwani tulilijua tumechelewa. Vilima hivi vina mbung'o, nao hupenda rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Akina mama waliovaa mabuibui meusi waliteseka gari lilipofungua madirisha. Buibui la kahawia au la rangi ya udongo lasitiri vilevile. Na kandambili ziachwe nyumbani.

Tulifika kwanza mahali paitwapo Giriama Point. Hapo kilima chakatika ghafla, na chini yake kuna nchi ya minazi yote, kisha mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani, kisha bahari. Mama watoto aliketi juu ya jiwe akaanza kukisia vijiji kimoja kimoja kwa kidole. Baadaye akasema, “Kumbe sote twakaa padogo hivi.” Tulikaa pale karibu saa nzima, na hakuna aliyeuliza saa.

Kutoka Kilima cha Ndovu huanza njia ya miguu ya kushukia maporomoko ya Sheldrick, mwendo wa kilomita 2 hivi. Hairuhusiwi kwenda bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu na nyati. Kushuka si taabu. Hesabu yote iko katika kurudi. Mama watoto aliitazama ile njia namna ilivyoinama, akashika magoti yake, akasema, “Nyinyi nendeni. Haya magoti yangeweza safari hii wakati ule nilipokuomba.”

Hakusema kwa hasira, na kwa hiyo hatukuwa na la kujitetea. Tulimwacha karibu na gari pamoja na dada yake na dereva, tukashuka na binti zetu.

Maji huanguka kutoka kimo cha mita 21 juu ya mwamba, yakaingia katika kidimbwi kilichozungukwa na miti. Ni baridi hata mkono washtuka. Tulitia udhu hapo, na huku tukitawadha yule askari kijana, ambaye ni Mdigo, alitukumbusha kwamba chemchemi za Marere zimo katika vilima hivi hivi, na maji yake hupelekwa kwa mabomba mpaka Mombasa. Maji ya mvua hunyonywa na mchanga na mawe laini yaliyo chini ya msitu, yakatoka polepole hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, hupita juu juu yakaenda zake na udongo. Tulisikia aibu ya pili siku hiyo. Ni mara ngapi tumesomesha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa aliye ukingoni mwa mto, kisha tukaacha bomba la msikitini likimwagika, ilhali mtaa wa pili wananunua maji ya madumu kwa mkokoteni?

Wasomaji wetu huuliza sana kuhusu sala ya safari, basi tulijibu hapa. Kwa madhehebu ya Imam Shafi masafa ya kufupisha ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei, na Shimba haifiki. Adhuhuri tuliisali rakaa nne, kwa wakati wake, kwenye majani.

Kupanda kulitutoa jasho. Askari alituona tukisimama kila baada ya hatua chache, naye, kwa adabu zake, akawa anasimama kututajia majina ya miti.

Tulipofika juu, binti yetu alimkimbilia mama yake na video ya simu. Akaisukuma kando. “Nataka kusikia kwa baba yenu,” alisema. Basi tuliketi kando yake kivulini tukamweleza: ile baridi ya maji, mlio wake unaosikika kabla hujayaona, ule ukungu mwembamba uliotulowesha ndevu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu, kisha akanyamaza kidogo.

“Na Taita?” aliuliza. “Nasikia gari hupanda mpaka Wundanyi.”

Tukasema Inshallah, na papo hapo tukataja tarehe.